Juisi za mwezi nusu zilizoletwa msibani

Siku mambo yalipomharibikia Kasiani ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani, mwaka juzi. Asubuhi ile alimwacha mkewe, Flaviana, uani kwao Mbagala, akichekecha unga wa kalimati za kuuza jioni. Wao ni Wakatoliki wa Masasi, mfungo haukuwa wao, lakini futari ni biashara.

"Usichelewe, nakuwekea za kwako pembeni," Flaviana alimwambia.

"Haya," akajibu, akaondoka. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwa mkewe.

Leo, saa moja asubuhi, Kasiani amesimama palepale aliposimama siku ile, kwenye mashine ya kufungia chupa katika kiwanda kimoja cha juisi wilayani Temeke. Chupa zinakuja sita sita, nailoni yenye picha ya embe inazizunguka, kisu kinakata, kisha furushi linaingia kwenye tanuri na nailoni inasinyaa mpaka inazibana. Kazi yake ni kuhakikisha picha inakaa mbele, katikati.

"Watu wanadhani picha inajikalia tu," anasema bila kuinua macho. "Hapa pembeni kuna alama nyeusi. Hili jicho la mashine likiiona, kisu kinakata. Lisipoiona, embe la mbele linaenda mgongoni. Na joto nalo linaivuta nailoni, lazima uliibie kidogo kwa kusogeza jicho."

Anasukuma jicho kwa kidole gumba. Furushi linatoka tanurini, analitazama, anaguna. Anasukuma tena. Embe linakaa.

Siku ile nailoni ilikuwa mpya, imechapwa kwa ajili ya Ramadhani, ina mwezi mwandamo wa rangi ya dhahabu. Alama yake ilikuwa imefifia, jicho likawa mara linaiona, mara haliioni. Mwezi ukakatwa: pembe moja kwenye furushi hili, nyingine kwenye linalofuata.

"Nilisema mapema, hii nailoni mbovu, irudisheni. Nani amsikilize mtu wa darasa la saba? Walioipitisha wako juu huko, kwenye kiyoyozi. Mie ndo nilikuwa nauhangaikia mwezi wao."

Simu haziingii ndani ya kiwanda hicho. Zinabaki getini, kwenye sanduku la mlinzi. Mchana wa siku ile Flaviana, aliyekuwa na presha, alianguka uani. Jirani yake, Somoe, aliipiga simu ya Kasiani mfululizo mpaka mlinzi, Gervas, akaipokea.

"Nikamwambia, kaka, mwambie mkewe kazidiwa, tunampakia kwenye bajaji," anakumbuka Somoe. "Akasema, sawa mama, namfikishia sasa hivi."

Gervas anasema aliupeleka ujumbe hadi mlango wa chumba cha mashine. Hapo akawakuta wakubwa, nao wakamwambia arudi getini, Kasiani ataambiwa nailoni ikikaa sawa.

Wakubwa gani?

"Braza, nina watoto wanasoma," anajibu, na kuligeukia geti.

Nailoni ilikaa sawa jioni. Kasiani alipofika getini kuchukua simu yake na kusimuliwa na Gervas yaliyotokea, Flaviana alikuwa ameshafia hospitalini, ameshikwa mkono na Somoe.

Kesho yake kampuni ilileta rambirambi, juisi za kujaza gari dogo. Kasiani alikuwa amekaa mkekani na wanaume zilipoanza kushushwa.

"Nikaona mwezi umekatika. Mafurushi yangu yaleyale, ya jana, yasiyouzika! Wamenizuia nisimwone mke wangu kwa ajili ya haya, halafu wananiletea niwanyweshe waliokuja kumlilia."

Hakupiga kelele. Aliomba kisu cha jikoni, akachana nailoni zote mwenyewe ili watu wazione chupa tu. Jua lilipozama, Somoe na waliofunga wakazifuturia. Zile nailoni Kasiani alizikunja, akazisukumia chini ya kitanda. Bado zipo.

Nyumba ina vyumba viwili na mtu mmoja. Binti yao, Benedicta, ameolewa Arusha, hupiga simu Jumapili. Chekecheo la Flaviana linaning'inia kwenye msumari wake, na Kasiani hupika ugali wa kiganja, ambao hata hivyo humshinda kuumaliza.

"Nikirudi napiga hodi," anasema. "Najua hamna mtu. Mdomo umezoea."

Mkataba wake unaisha Desemba. Kampuni imeagiza mashine inayojitafutia alama yenyewe, na meneja wa uzalishaji, Fredrick, ameshamwambia, "Mzee wangu, kapumzike kijijini, kule korosho zinakusubiri." Vijana wa shifti wanamtania: "Mzee wa Mwezi, utatuachia nani?" Hucheka nao kidogo, kisha anarudi kwenye jicho lake.

Kwenda Masasi hakumtishi. Kinachomtisha ni kutoka geti lile bila jibu, maana akishatoka hataruhusiwa tena kuingia kuuliza. Alishamuuliza Fredrick, akaambiwa suala linafanyiwa kazi. Alipouliza tena, akaambiwa awasamehe watu.

Kwa hiyo ana mpango. Siku yake ya mwisho atakuja na zile nailoni, atazitandaza mezani kwa meneja, mwezi nusu kwa mwezi nusu, na atakaa kitini mpaka asemeshwe.

"Sidai hela. Pole zao walishanipa, niliziona," anasema, huku furushi jingine likitoka tanurini, embe limekaa katikati. "Nataka jina tu. Mtu alisimama pale mlangoni, mie niko hapa, ananiona. Anajua mke wangu yuko kwenye bajaji. Akasema nisiambiwe. Ni nani?"