Mfuniko wa Sanduku la Barafu

Juzi nilipita Kibiti, nikaingia hotelini kunywa chai. Kwenye televisheni kijana wa Kizungu alikuwa anafundishwa kuteleza kwenye theluji, kasimama juu ya ubao, miguu imefungwa. Kila akiinuka, anaangukia makalio. Wateja walimcheka. Mimi nilimwonea huruma, maana maumivu yale nayajua, ingawa theluji sijapata kuigusa.

Mimi niliyajulia Salale, kwenye tope.

Kwetu ni Ruaruke, nchi kavu. Nilipelekwa Salale, kwenye mikoko ya delta, kwa bibi mzaa mama nikiwa bado mdogo, wakati ule serikali imeruhusu biashara huria, na duka la kijiji, lililozoea kuuza chumvi na viberiti, limeanza kunukia sabuni za rangi rangi. Wanunuzi wa kambamiti walikuja kwa boti na masanduku makubwa ya barafu. Sanduku likivunjika walilitupa, nasi watoto tukagombea mfuniko wake, mpana, laini, ukingo umejikunja kidogo kwa mbele.

Maji yakipwa, kando ya mto ulibaki mteremko wa tope jeusi linalong'aa. Wenzangu waliteremka wamesimama wima juu ya mifuniko. Mimi hata kutembea juu ya tope lile sikuweza, wakawa wananiita mtu wa bara. Aliyenifundisha ni binti wa jirani.

"Kunja magoti," aliniambia. "Usiitazame miguu, haikimbii. Tazama unakokwenda."

Nilianguka mpaka tope likaniingia masikioni. Halafu jioni moja, sijui nilifanya nini, mfuniko ukanikubali. Upepo ukanipiga usoni na harufu ya mikoko, mimi nikafika chini, tumbo likabaki juu.

Bibi hakupendezwa hata kidogo.

"Wee mke mwenzangu, ni mtoto wa kike au kambare? Gauni la mtumba nimelifuata mpaka Kibiti, unakwenda kulizika topeni!"

Akauchukua mfuniko, akausukumia uvunguni mwa kitanda chake. Nililia siku hiyo mpaka nikakataa wali na kambamiti wa nazi, chakula ambacho sijawahi kukikataa tena.

Muda si mrefu, asubuhi moja, bibi alishuka mtoni kuokota tondo, wale konokono wa kwenye mikoko. Akakanyaga pabaya, akazama mpaka mapajani. Kila akijivuta, tope linamvuta zaidi, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Wanaume walikuwa mbali na nyavu zao. Jirani alijaribu kumfuata, naye akazama magotini, ikabidi arudi.

Nilikimbia nyumbani, nikaingia uvunguni, nikarudi na mfuniko. Jirani akanifunga kamba ya mtumbwi kiunoni. Binti yake akanisukuma. Sikuitazama miguu. Nilimtazama bibi, midomo yake inavyocheza kwa dua, na nikateleza mpaka alipo.

"Lala kifua hapa, bibi."

"Utazama wewe, mwanangu!"

"Mimi mwepesi. Lala!"

Nikashuka topeni, yeye akalala juu ya mfuniko, akaikumbatia kamba iliyonifunga kiunoni, jirani na bintiye wakatuvuta. Tope lilimwachia kwa mlio mkubwa kama busu. Kule juu bibi alikaa chini, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mfuniko haukurudi uvunguni. Bibi aliuegemeza ukutani, karibu na mlango. Siku moja, watu wamekwenda shamba, akaniita mtoni. Tulikuwa wawili tu. Akajifunga kanga vizuri, akaukalia mfuniko.

"Nisukume. Taratibu lakini."

Nilimsukuma, wala si taratibu. Alipiga ukelele mteremko mzima, akafika chini kanga ya kichwani imebaki njiani, akakaa palepale topeni akicheka kicheko chembamba cha kisichana, mabega yanatikisika.

Wanunuzi wale hawaji tena. Mteremko mto umeshaumeza, na nyumba yetu pia, na bibi tulimzika upande wa juu, mbali na maji. Nikikutana na watu wa Salale tunamkumbuka pamoja: ukali wake, wali wake, sauti yake ya kuita watu. Nawasikiliza, naitikia kwa kichwa. Wao wanamkumbuka bibi. Yule msichana aliyekuwa anacheka topeni, nimebaki mimi peke yangu wa kumkumbuka.