Maji ya Mkaratusi

Fundi cherehani aliyapa majani ya mkaratusi heshima ambayo hata mumewe hakuwahi kuipata. Aliyachagua moja moja, akayapangusa vumbi, akayakatakata kwa mkasi wake wa kazi, ule ambao mtu mwingine akiugusa tu, moto unawaka. Akayachemsha kwenye sufuria kubwa hadi maji yakawa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nyumba nzima ikapiga chafya.

“Mama watoto, unapika au unatufukiza?” mumewe aliuliza, machozi yakimtiririka.

“Pumua tu. Mafua yako yatapona bure.”

Mzaha kando, mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Kishamba chake nyuma ya kiwanda cha matofali kilikuwa kimemezwa na magugu, na msimamizi wa vishamba alimpa mwezi mmoja: kisafishwe, la sivyo apewe mwingine. Dawa ya dukani hakuitaka tena. Mwaka juzi ilimbabua vidole, wiki tatu hakushika sindano. Ndipo mteja mmoja akamwambia kwamba majani ya mkaratusi yana kitu kinachozuia mbegu kuchipua. Siku hiyo alirudi nyumbani nusura akimbie.

Basi akalima, akapanda karoti, na kesho yake akabeba bomba la kunyunyizia mgongoni, akanyunyiza tuta baada ya tuta. Maji yaliyobaki akayamwaga katikati ya miche ya vitunguu aliyopewa na wifi yake, yasipotee bure.

Wiki ya kwanza alitamba. Udongo ulikuwa safi kama sakafu. Wiki ya pili akaanza kuinama. Wiki ya tatu alipiga magoti, pua karibu iguse udongo, akitafuta karoti. Karoti wapi! Zilizotokeza ni ndago, yale magugu sugu, zimesimama wima kama sindano kwenye kimto.

Wifi yake akaja, mikono kiunoni. “Wifi, karoti zimekuonea haya?”

“Niache.”

“Hebu niambie. Maji yako yanazuia mbegu, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Na karoti ulipanda nini?”

Ndipo fundi akang'amua. Mbegu! Na ndago, hizo zenye vinundu vyake chini ya ardhi, zilihitaji mbegu ya nini? Alichemsha, akachuja, akabeba bomba hadi mgongo ukalia, kumbe anaua karoti zake mwenyewe. Akang'oa ndago moja kwa hasira. Ikakatika, kinundu kikabaki chini.

Mwisho wa mwezi msimamizi akafika na daftari lake.

“Dada, muda umekwisha.”

“Nimefanya kazi, mzee! Tazama, magugu madogo yote hayapo.”

“Na mazao je?”

Fundi akanyoosha kidole kwenye vitunguu. Msimamizi akatembea hadi kwenye vitunguu, akasimama. Vilikuwa vimenyooka, na katikati yake hakuna jani geni ila ndago mbili tatu.

“Hapa ulitia nini?”

“Maji yaleyale.”

Mzee akakuna kidevu, kisha akachomeka kigingi katikati ya kishamba. “Upande wa vitunguu ni wako. Huu mwingine nampa jirani.”

Nusu! Miaka sita ya jasho, na anabaki na nusu. Nyumbani akavuta sufuria, akachukua mkasi.

“Tena?” mumewe akashtuka.

“Tena. Safari hii miche kwanza. Na wewe, ukipiga chafya, kapigie nje.”