Mama Kwenye Lango la Mfalme

Nakumbuka, mwanangu uliyefika juzi hapa ugenini, asubuhi niliyotoka kambi ya vibarua ya Al Quoz na begi moja, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Sikuwa na pa kwenda. Shule niliiacha mapema, na miguu yangu haikujua kutulia. Mfukoni nilikuwa na picha: nimevaa suti ya kuazima, nimeegemea gari la mtu nisiyemjua. Ilikuwa desturi yetu kambini kupiga picha za namna hiyo na kuzipeleka nyumbani. Yangu ningempelekea mama.

Nilishukia mtaa wa Al Baraha. Vicheko vikanivuta hadi mlangoni kwa fundi cherehani mmoja, Mzee Makame wa Unguja. Wateja walikuwa wakitazama mkanda wa sinema kuukuu, ya enzi picha zilipoanza kusema. Jina la sinema hiyo hakuna aliyelijua. Ndani yake mhudumu wa hoteli anadhaniwa mwana wa mfalme, watu wanamwinamia, naye anakubali. Kisha mama yake anafika langoni pa jumba na kikapu cha mikate, na mwana anajifanya hamjui. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mzee hakucheka.

Wateja walipoondoka nikamwonyesha picha yangu, nikitania kwamba hata mimi ni mwana wa mfalme. Aliitazama kitambo.

"Mimi nilipiga yangu nimevaa joho la mteja, lenye uzi wa dhahabu," akasema. "Mama akaitundika picha ukutani. Alipougua akawakataza ndugu wasiniite. Mwanangu anakaa na wafalme, akawaambia, msimsumbue kwa homa ya kizee. Nilipata habari wameshamzika."

Akaliangalia begi langu.

"Una pa kulala?"

"Sina, Mzee."

"Yalla, haya, weka begi. Kuna godoro nyuma ya cherehani. Lakini kwanza mpigie mama yako."

Nikampigia, nikamweleza nitakapolala. Naye, polepole, akaniambia kwamba jicho lake moja halioni tena, alikuwa akinificha.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwanangu. Piga picha zako kwenye majumba ya watu, si dhambi. Lakini wa kwenu waambie unapolala na unachokula, ili nao wathubutu kukuambia wanapoumwa.

Mungu akufikishe nyumbani mama yako angali hai, akikusubiri mlangoni, nawe umwite Mama mbele ya watu wote.