Karatasi Tano za Darasa la Sita

Nakumbuka Alhamisi moja ya soko, mwanangu unayeanza kufundisha, nilipopokea furushi la karatasi kutoka mikononi mwa mtoto wa kike, nikampa sifuri, kisha nikanunua ndizi zangu na kwenda nyumbani bila kusumbuliwa na dhamiri. Nililala vizuri kabisa. Nakuambia hili mapema ili usije ukadhani kwamba mtu anayetenda kosa kubwa husikia kengele ikilia.

Leo nakaa hapa Muhumba, mjini Bukavu. Magoti yangu hayapendi tena ngazi, na wajukuu hupita kunisalimu wakiwa na haraka zao. Miaka ya juzi, ugonjwa wa korona ulipofunga shule kila mahali, niliwaona walimu vijana wakituma masomo nyumbani kwa watoto, wengine kwa simu, wengine kwa karatasi, na jioni wakilalamika: fulani na fulani ni wavivu, hawarudishi kazi. Niliwasikiliza tu. Neno hilo nililisema mimi wao wakiwa bado watoto wachanga, tena kwa kiburi zaidi kuliko wao.

Wakati wa vita ya pili ya Kongo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka shule ya ualimu hapa mjini, nikapewa darasa la sita katika shule moja ya kilimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Askari walikuwa wakilala katika madarasa mawili, na madawati yake waliyachoma wakapikia maharage. Tulizoea. Mtu huzoea mengi. Kisha kikaja kipindupindu, na muuguzi wa zahanati pamoja na chifu wakasema watoto wasikusanyike tena mpaka ugonjwa upite.

Direkta wetu, mkuu wa shule, alikuwa mzee mfupi wa sauti ya chini, aliyekuwa amewafundisha hata wazazi wa wanafunzi wetu. Alituita walimu wote sita nyuma ya ofisi yake, akatuambia, "Batoto habawezi kuya ku masomo. Basi masomo iende kwa batoto. Kila mwalimu ataandika kazi ya juma moja ku karatasi, na karatasi njo itatembea."

Mashine ya kunakili ilikuwa imeporwa zamani. Tulibaki na karatasi za karboni. Ukipanga karatasi tano na karboni kati yao, ukikandamiza kalamu ya biki mpaka kidole kikauma, ile ya tano bado inasomeka ukiielekeza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa na wanafunzi thelathini na watano. Karatasi tano, watoto saba kwa kila karatasi, siku saba za juma. Hesabu ile ilinipendeza mno. Kila mtoto angekaa na karatasi siku moja, angenakili maswali, angejibu, angekunja majibu yake na kumpelekea mwenzake anayefuata, karatasi na majibu pamoja. Mtoto wa saba ndiye angeniletea furushi zima sokoni siku ya Alhamisi, na hapo hapo ningetoa karatasi mpya. Nilikaa kwenye meza kando ya njia na beseni la maji ya klori, na karatasi zilizorudi tulizianika juani juu ya mawe kwanza, maana watu waliogopa ugonjwa mpaka wakaogopa na karatasi.

Sasa lisikilize kosa langu. Kwetu mtoto ana jina, ana ukoo, na ana nafasi. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, na nafasi hiyo husomwa mbele ya wazazi wote siku ya kutoa buletini, zile karatasi za alama. Nilipokaa kupanga nani ampe nani karatasi, sikufikiri hata kidogo. Nilichukua orodha ya nafasi. Watano wa juu wakazipata siku ya kwanza, watano waliofuata siku ya pili, hivyo hivyo mpaka watano wa mwisho. Nani angeanza, kama si wa kwanza? Wala hakuna mzazi aliyeuliza. Hata wazazi wa wale wa mwisho waliona ni haki.

Wa thelathini na nne aliitwa Nabintu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko wenzake, mpole. Baba yake alikuwa amekwenda Shabunda kutafuta dhahabu, hakurudi wala hakutuma salamu. Kila Alhamisi Nabintu ndiye aliyefika mezani kwangu kabla ya wote, akaweka furushi la wenzake sita, majibu yote yamekunjwa vizuri.

"Na ya kwako iko wapi?" nilikuwa nikimuuliza.

"Sikumaliza, Maman."

Basi, naandika sifuri. Nilikuwa na sheria yangu, nimeitangaza siku ya kwanza: kazi ya juma lililopita haipokelewi. Nilidhani sheria ngumu ndiyo inayomfanya mwalimu aheshimiwe. Watano wote wa mwisho walikuwa hivyo, kila juma wanabeba na kila juma hawana, nami nikasema moyoni, miguu wanayo, vichwa hawana. Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Juma la saba, kipindupindu kikampata Direkta mwenyewe, akalazwa zahanati. Wakati huo huo orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ilitakiwa Bukavu. Kazi ikaniangukia mimi, mwalimu wa darasa la sita. Unajua jinsi shule zetu zinavyolinda asilimia yake. Wakifaulu wote, jina la shule linasikika mpaka parokia ya jirani. Wakianguka watano, watu wanauliza kama walimu wapo kweli. Nikawaondoa wale watano. Hakuna aliyeniagiza. Niliandika majina thelathini kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri, nikamkabidhi mtu aliyekuwa akishuka mjini.

Direkta alirudi baada ya siku kumi, shati limempwaya mwilini. Kabla ya kuuliza habari ya jambo lolote aliomba nakala ya orodha. Aliisoma polepole, akaisoma tena.

"Hawa batano juu ya nini habako?" akauliza.

"Habakurudisha kazi, Direkta. Bako bavivu."

"Si hawa batano njo banaleta karatasi ku soko kila Alhamisi?"

"Ndiyo, ni bao."

"Mutoto muvivu anapanda mulima na kushuka kila juma juu ya kuleta kazi ya bengine?"

Nilitazama vidole vyangu vyenye weusi wa karboni. Direkta alikunja orodha, hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Sikugombezi," akasema. "Lakini hii juma weye utatembea na karatasi moja. Fasi karatasi inalala, na weye ulale. Fasi inangoja, na weye ungoje. Kiisha utakuya kuniambia uvivu iko ku nyumba gani."

Nilikasirika, sikufichi. Mwalimu mwenye diploma kufuata karatasi kama mbuzi! Lakini mzee alikuwa ametoka kwenye mlango wa kaburi, na sikuwa na ujasiri wa kubishana naye. Nikachagua karatasi ya kina Nabintu.

Mtoto wa kwanza kuipokea alikuwa mwana wa katekista. Alikaa na karatasi siku mbili badala ya moja, kwa sababu baba yake alitaka anakili maswali mara mbili, kwanza vibaya kisha vizuri. Hakuna aliyemharakisha, yeye ni mmoja wa watano wa juu. Wa pili alikaa ng'ambo ya kijito, wa tatu alikaa upande huu, karibu tu na yule wa kwanza, na wa nne ng'ambo tena. Kijito kile kile tulikivuka mara tatu, viatu nimevishika mkononi, na kila nikivuka naiona ile orodha yangu nzuri ya nafasi. Nyumbani kwa wa tano palikuwa na mgonjwa. Karatasi iliachwa nje chini ya jiwe mpaka mtu wa kuitoa apatikane, nami nikaachwa nje pamoja nayo, nikaletewa kiti na kiazi. Wa sita alikuwa malishoni na mbuzi, tukamtafuta nusu siku.

Tulifika kwa Nabintu Jumatano, jua linazama. Mama yake alitoka jikoni akijifuta mikono, uso umembadilika.

"Maman Mwalimu! Kuko maneno gani? Mutoto amefanya nini?"

"Hakuna maneno, Maman. Ninafwata karatasi tu."

Nabintu alinisalimu kwa heshima, akapokea karatasi kutoka kwa mwenzake, akakaa kizingitini mahali palipobaki mwanga. Akaanza kunakili. Hakuinua kichwa. Mimi nilisimama nyuma yake, na kabla hajafika nusu ya maswali sikuweza tena kuona herufi. Yeye akaendelea, macho yake karibu yaguse karatasi.

"Kila juma inafika vile?" nikamuuliza.

"Siku zingine inafika mapema kidogo," akasema. Mpaka leo naamini alisema hivyo ili nisione aibu mbele ya mama yake.

Asubuhi alikuwa tayari kushuka sokoni na furushi la wenzake. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini na maswali yale aliyoyanakili. Akaingia ndani, akatoka na daftari alilolitengeneza mwenyewe kwa karatasi ya mifuko ya simenti, limeshonwa kwa uzi wa gunia. Ndani yake palikuwa na majuma yote manane. Maswali, majibu, namba zimepangwa.

"Ninajibu nikirudi ku soko," akasema.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulisema ya nyuma haipokelewi, Maman."

Niligeuza kinu nikakikalia, nikatoa biki yangu nyekundu, nikasahihisha pale pale uani. Kumi na moja juu ya ishirini. Tisa. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Usitegemee nikuambie kwamba niligundua bingwa aliyefichika, mwanangu. Alikuwa mtoto wa kawaida aliyefanya kazi yake yote, na kwa pointi zile angefaulu mtihani. Nilizijumlisha mara mbili.

Kesho yake nilishuka Bukavu na lile daftari. Katika ofisi ya wakaguzi nilimkuta karani mmoja, mtu mstaarabu tu, akanipa kiti.

"Maman, liste ilishaenda," akaniambia. "Namba za egzamen zilishatoka."

"Ni batoto batano tu, Papa."

"Hata mumoja, Maman. Nitamutia wapi?"

Nilimfungulia daftari. Alilitazama kwa adabu, akalifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipanda mlima siku iliyofuata, nikaenda nyumba tano, moja baada ya nyingine, nikasema kwa mdomo wangu kwamba kosa lilikuwa langu. Direkta alikataa kunisindikiza. Mama mmoja alinifungia mlango, na alikuwa na haki. Watoto wawili kati ya wale hawakurudi tena shuleni. Nabintu alisema, "Haina neno, Maman," akaenda kuteka maji.

Tulipanga upya. Karatasi zikafuata njia ya mlima, jirani kwa jirani, na kila juma zilianzia upande mwingine, ili aliyepata mwisho juma hili apate kwanza juma lijalo. Ile sheria yangu ya kazi ya nyuma niliifuta kwa sauti kubwa sokoni, wazazi wote wakisikia. Kazi zikaanza kurudi. Wavivu walikuwapo, ndiyo, wawili watatu, na mmoja wao alikuwa wa nne darasani.

Mwaka uliofuata shule ilifunguliwa. Nabintu akarudia darasa la sita, akiwa benchi moja na mdogo wake. Alifanya mtihani, akafaulu kwa hamsini na sita kwa mia. Alikuja kunionyesha karatasi ya matokeo, nami kwa furaha, na pengine kwa kutaka kujisafisha, nikamshika bega na kumwambia, "Unaona sasa? Hakuna kitu kilipotea."

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Maman, na ile mwaka yangu ingine, nani alikula?"

Nimefundisha miaka ishirini na minne baada ya siku ile, na sijaulizwa swali gumu kuliko hilo. Niliula mimi, mwanangu. Niliula nikiwa na biki nzuri na sheria nzuri, wala sikuhisi ladha yake.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Ukipewa kitu cha kugawa, kiwe somo, dawa, au nafasi tu ya kusema, usianzie kwa wa kwanza kwa sababu ni wa kwanza. Yeye ana baba wa kumsimamia. Kabla hujamwita mtu mvivu, itembee njia ambayo kazi yako inapita mpaka imfikie, uitembee kwa miguu yako, usiulize tu ukiwa mezani. Sheria uliyoitunga mwenyewe usiiogope. Ikimwumiza mtoto, ivunje mchana kweupe. Na ukikosea, nenda ukaseme mlango kwa mlango, hata kama hutarudisha kitu.

Mungu akujalie miguu isiyochoka kupanda na masikio yanayosikia mtoto anayenyamaza. Akuzidishie wanafunzi, na usile mwaka wa hata mmoja wao. Amina.