Nukta ya Thelathini na Saba

Cheka tu. Nimeuza ndizi sokoni Bukoba miaka kumi na miwili, uongo naujua kwa harufu, na mimi ningesimuliwa haya ningecheka kabla yako. Lakini yalinipata mimi, saa nane mchana, jua kali, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa sijaionja siku hiyo. Nayasema kwa ajili ya binti yangu Koku, mwenye miaka tisa, na mti wake.

Mti wake ni msizi. Kitovu cha Koku kilipodondoka, mama yangu alikizika kwenye kibanja chetu cha migomba huko Kanazi, akapanda juu yake mche wa msizi. Umekua naye. Kwetu mti wa namna hiyo haukatwi, wala haufungwi mbuzi.

Sasa kazi yenyewe. Kuna watu wanatafuta miti iliyokufa msituni. Wanarusha droni, inapiga picha kutoka juu. Mti mzima unatokea kijani, mkavu unatokea kama nukta ya kijivu. Kisha anatakiwa mtu wa kwenda kwa miguu hadi kwenye kila nukta, ahakikishe mti umekufa kweli, auzungushie rangi nyekundu ili ukatwe. Mtu huyo ni mimi. Walinichukua kwa sababu nahesabu kila kitu mara mbili, tabia ambayo wateja wangu wa ndizi hawakuipenda.

Msitu ule wa upande wa Kimwani ulikuwa na nukta thelathini na saba. Thelathini na sita nilizikuta sawa, miti mikavu ya kutosha kukoka moto. Nilipofika kwenye ya mwisho, simu ikaniambia nimesimama juu yake. Mbele yangu palikuwa na msizi mbichi, majani tele, kivuli kizito. Shinani alikaa mwanamume wa rika langu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote.

"Karibu kwangu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, akanyoosha kiganja chenye kahawa ya kutafuna.

Unajua desturi yetu. Mgeni hupewa buni zilizokaushwa, hupokea kwa mikono miwili, hutafuna. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Lakini nyumba ilikuwa wapi? Sikujiuliza. Nikapokea, nikatafuna.

"Kavu hizi. Za mwaka jana?"

"Za zamani zaidi. Lakini umeshatafuna."

Simu ikaita. Alikuwa Jovitha, fundi wa droni, aliyebaki barabarani kwenye gari.

"Kaka, mbona umeganda? Nakuona hapo. Upige rangi twende, njaa inaniuma."

"Naongea na mwenyeji."

"Mwenyeji gani? Uko peke yako. Wewe na huo mti mkavu, hauna hata jani moja."

Nikatazama juu. Majani yalijaa hadi sikuona mbingu. Nikakata simu.

"Huu usiuhesabu," akasema yule mtu. "Ni kwangu."

Ningekimbia, sivyo? Mdomo wangu ulizoea biashara, ukatangulia. "Nikiuacha, hesabu yangu haitimii."

"Itatimia. Nipe mwingine badala yake."

Nilitaka kuondoka tu. Nikatamka neno ambalo mchuuzi hamwambii mteja hata akiwa na homa: "Chagua mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata zaidi ya alichotaka. Nilipoinama kuokota kopo la rangi na kuinuka tena, shinani palikuwa patupu. Nikaandika: thelathini na saba, hai. Jumla, thelathini na sita.

Wiki tatu baadaye Jovitha akanipigia. Picha mpya ya satelaiti ilikuwa imefika. "Ulikuwa sahihi, kaka, ule msizi wa Kimwani ni kijani kabisa. Ila jumla bado ni thelathini na saba. Kuna nukta mpya, tena nje ya msitu. Iko huko kwenu Kanazi, kwenye kibanja cha mtu."

Nikakata simu, nikaenda Kanazi moja kwa moja.

Mti wa Koku unakauka kuanzia kileleni. Koku mwenyewe anacheka, anakula, ila siku hizi akifika kisimani anakaa chini kupumzika, na midomo yake imepauka. Hospitali wamempima mara mbili, hawajaona kitu. Nimerudi Kimwani mara nne na mfuko wa kahawa mpya, nimekaa chini ya ule mti nikisema kwa sauti: "Tubadilishane. Nichukue mimi." Hajatokea. Mteja aliyeridhika harudi sokoni.

Kwa hiyo ukienda msituni ukakaribishwa kahawa, uliza kwanza nyumba iko wapi. Ukiwa umeshatafuna, taja wewe mwenyewe utakachotoa, hata kiwe mkono wako. Usimwachie achague.

Jana matawi yenye majani yalikuwa tisa. Leo asubuhi nimehesabu mara mbili. Ni manane.