Priza Iliyolala Mchana

Katika nyumba tuliyopanga mtaa wa Bigo, priza ya jikoni, yaani soketi ya umeme, iligoma mchana kutwa, kisha ikaanza kazi giza likiingia, kama askari wa zamu. Mke wangu alitaka friza yake ifanye kazi saa zote. Nikamwita fundi, mama mmoja aliyejifunza kazi huko Djugu kabla ya kukimbilia mjini.

Alikuja saa kumi na moja jioni. Akajaribu testeri yake kwenye priza ya sebuleni, ikawaka. Nikashusha swichi kubwa. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, kwa hiyo nilirudi kuangalia: swichi moja, imeshuka. Akapima priza ya jikoni. Kimya. Akapima tena.

“Mama, mara moja inatosha. Jioni hii inatukimbia.”

“Papa, hapa si soko. Courant ya umeme haina bei ya mwisho. Hii priza inawakaka saa ngapi?”

“Usiku tu.”

Akaweka bisibisi chini. “Waya ngapi inaingia mu nyumba?”

“Moja.”

“Ulihesabia wapi?”

“Hapa ndani. Mara mbili.”

Akatoka nje. Chini ya bati zilipita waya mbili. Ya pili ilitoka kwenye kinu cha jirani, ambacho mashine yake husaga unga mchana na kuzigawia nyumba umeme kuanzia saa kumi na mbili jioni. Nilidhani sisi hatukuunganishwa. Aliifuata ukutani hadi nyuma ya magunia ya makaa, na hapo palikuwa na kisanduku cha fyuzi. Akazima, akachomoa fusible, ile fyuzi yenyewe, akaitia mfukoni.

“Iache basi juu ya meza.”

“Ikikaa mu mfuko yangu, hakuna mutu atairudisha.”

Ndipo akafungua priza, ili aihamishie kwenye waya ya mchana, ile ya kwanza. Alikuwa ameshika shaba tupu kwa vidole viwili pale taa ya jirani ilipowaka na watoto wakapiga kelele: “Courant imekuya!”

Yeye aliendelea kukunja shaba. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

“Papa,” alisema bila kugeuka, “weye unahesabu mara mbili, lakini fasi moja tu, hapa ndani.”

Nilikuwa nimemwambia “moja” kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Angeniamini, mikono yake ingekuwa palepale, saa ileile, na shaba ina umeme.