Nakhumicha na Jogoo wa Darasa

Riruta ya miaka ile ilikuwa na baridi ya kweli, si hii ya siku hizi inayokuja na kuondoka kama mtu aliyesahau kofia. Mwezi wa saba ukungu ulilala juu ya miti ya miwati mpaka jua lipate nguvu, njia zote zilikuwa matope mekundu, na aliyekuwa na koti alilala nalo. Kutoka huko mafundi, makarani na matarishi waliteremka mjini Nairobi kwa miguu au kwa baiskeli, na mmoja wao alikuwa Tobias, seremala Mbukusu kutoka Kimilili aliyetengeneza makabati katika karakana moja ya River Road. Lakini habari hii si ya Tobias. Tobias alikuwa mtu mzuri, na watu wazuri hawana habari ndefu. Hii ni ya mkewe, Selpher Nakhumicha.

Nakhumicha alifundisha watoto wadogo kanisani kila Jumamosi. Hakuajiriwa na mtu. Alipewa watoto hao kwa sababu hakuna mwingine aliyewataka, na nani angewataka? Walifunga makopo kwenye mikia ya mbwa. Walivunja mayai ya njiwa ili waone kilichomo. Punda wa Thuo, muuza maji, alikula mawe kila alipopita na mapipa yake, na Thuo hakuwa na uso wa kuwakemea, maana yeye mwenyewe alimcharaza punda huyo kutwa.

Sasa, Nakhumicha alikulia katika boma la ng'ombe. Kwao kila ng'ombe ana jina lake, na anayekwenda kukama humwita kwanza, husimama mahali ng'ombe anapomwona, ndipo amguse. Asiyefanya hivyo hupigwa teke, na nyumba nzima humcheka. Basi badala ya kuwahubiria watoto, siku moja aliwapanga kando ya njia, akamsimamisha Thuo na mkokoteni wake, akasema, "Leo hakuna hadithi. Leo tunapiga hodi."

"Hodi kwa nani, Mwalimu?"

"Kwa punda."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliwaacha wamalize, kisha akawapeleka mmoja mmoja mbele ya yule mnyama, mkono wazi, sauti ya chini: hodi, mzee. Punda akasimamisha masikio. Mtukutu mkubwa kuliko wote alipopumuliwa kiganjani pumzi ya moto, kicheko kilimkauka, akabaki ameduwaa pale pale asitake kuondoa mkono. Tangu siku hiyo Riruta ilijaa watoto wanaobisha hodi kwa mbuzi, kwa paka, na kwa mabata wa jirani mmoja aliyedhani wanamdhihaki akawafukuza na ufagio. Hata Thuo aliacha kumpiga punda wake, au labda alimpiga kabla ya kufika Riruta. Nakhumicha hakuchunguza sana.

Kisha akaja kifaranga. Watoto walimwokota akiwa amevunjika mguu, na Nakhumicha akawaonyesha jinsi ya kumfunga kwa njiti ya kiberiti na uzi. Wakapeana zamu za kumlisha mahindi yaliyopondwa, kutoka kiganjani. Alipona, akawa jogoo mzima, ila mguu ule ulimwachia mwendo wa kujivuta, kifua mbele, kama mtu mwenye funguo za ofisi. Wakamwita Karani. Malazi yake yalikuwa katika stoo ya kanisa, katikati ya viti vilivyovunjika, na kila alfajiri aliiamsha Riruta nzima kwa sauti isiyo na adabu.

Siku moja mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, akinona tutamla?"

Angeweza kusema tutaona. Wazazi wote husema tutaona. Yeye akajifunga mwenyewe. "Kuku wengine huliwa," alisema, na alijua anachosema, kwa kuwa alipenda kuku kama Mbukusu mwingine yeyote. "Lakini huyu tumemlea mkononi, na ametuamini. Huyu hatumli."

Mambo yakakaa hivyo mpaka Zedekiah Sifuna alipotuma salamu kwamba anakuja.

Zedekiah alikuwa kaka mkubwa wa Tobias, na tangu baba yao afariki, neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Siku hizo wake wengi wa watu wa mjini walibaki nyumbani wakilima, waume wakirudi kwa likizo. Nakhumicha kukaa Nairobi mwaka baada ya mwaka kulikuwa jambo la kusemwa. Salamu zenyewe zilikuwa fupi: shamba la Tobias limelala, mimi nakuja nione kama hapo pana nyumba au ni kambi tu. Ikiwa ni nyumba, mke akae. Ikiwa ni kambi, arudi.

Na Nakhumicha aliipenda Nairobi, jamani, aliipenda bila aibu. Aliwapenda wale watoto wake wenye makamasi. Alipenda Jumapili baada ya ibada, Tobias amevaa tai, wakishuka mpaka barabara ya Delamere kutazama madirisha ya maduka ambayo hawangeruhusiwa kuingia, wakichagua viti na mapazia ya nyumba wasiyokuwa nayo. Alipenda hata ule ukungu. Kimilili palikuwa kwao, lakini hapa Riruta ndipo alipokuwa mtu mwenye kazi yake.

Kwa hiyo mgeni alipaswa kupokewa ipasavyo, na kwa Wabukusu, kumpokea mkubwa wa nyumba ni kuku. Si kuku wa kununuliwa amekwisha kuchinjwa. Ni kuku achinjwe hapo hapo nyumbani, na firigisi iwekwe mbele ya mgeni, aione kwa macho yake. Ukimwekea nyama ya ng'ombe, hata iwe laini vipi, umemwambia hukumtarajia. Bahati mbaya, kideri kilikuwa kimepita Riruta mwezi ule kikafagia mabanda yote, na kuuza kuku wazima kulikuwa kumepigwa marufuku mpaka ugonjwa uishe. Tobias alizunguka mjini na vitongojini, akarudi mikono mitupu. Karani peke yake ndiye aliyesalia, kwa kuwa alijilalia stoo mbali na wenzake.

"Kuna yule wa kanisani," Tobias alisema, akiutazama ukuta.

"Yule si wetu, Baba Nanjala."

"Mama Nanjala, ni kuku."

Asubuhi ya siku ya mgeni Nakhumicha alipiga moyo konde, akachukua jiwe, akaketi mlangoni kunoa kisu. Alikuwa amekwisha kutunga la kuwaambia watoto: kideri kimemchukua na Karani naye. Wangelia kidogo, wamzike kwa nyimbo, yaishe. Alijichukia kwa jinsi uongo ule ulivyomjia kwa urahisi. Nanjala, binti yake, alisimama karibu akatazama kisu kikinolewa, asiulize kitu. Mtoto yule aliuliza mpaka kwa nini maji yana unyevu. Mama mwenye akili zake angeshtuka.

Alipofika kanisani, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Jogoo hayupo. Akarudi nyumbani kumwita Nanjala, naye hayupo. Akamuuliza Thuo aliyekuwa akipita na maji, na Thuo akanyoosha kidevu upande wa duka la Lalit.

Lalit na mkewe Chanchal walikuwa Wahindi wasiokula nyama. Kila asubuhi Chanchal alimwaga mtama mbele ya duka kwa ajili ya ndege, kabla hata hajafungua kwa wateja. Nakhumicha mwenyewe ndiye aliyewahi kulipeleka darasa lake pale kutazama, akawaambia, "Mnaona? Katika nyumba hii hakuna mnyama anayeogopa kisu." Alikuwa amesahau kwamba watoto hukumbuka.

Alimkuta Nanjala na watoto wa darasa uani, nyuma ya duka, wamekaa chini kumzunguka Karani, ambaye alikuwa akila mtama kwenye sahani ya shaba kama bwana harusi. Nanjala alipomwona mama yake alisimama, lakini hakukimbia. Hakuna aliyekimbia.

Chanchal alitoka jikoni akijifuta mikono. "Mama Nanjala, hawa toto nakuja asubuhi, nalia. Nasema hapa iko nyumba hapana kisu. Mimi tasema nini?"

"Mgeni wangu yuko njiani, mama. Ni shemeji yangu mkubwa. Sina kuku mwingine."

"Mimi najua. Mgeni iko kitu kubwa, kwetu pia." Chanchal akausukuma mlango wa ua ukawa wazi. "Mimi hapana funga mlango. Wewe nataka, wewe chukua. Mimi hapana angalia."

Akageuka kweli, akasimama akiangalia magunia.

Nakhumicha akainama. Karani hakurudi nyuma. Alimjia akijivuta kwa mwendo wake ule wa ofisini, akamdonoa kiganjani mara moja, tena mara ya pili, akitafuta mahindi. Hapakuwa na mahindi. Akainua kichwa akamtazama kwa jicho moja, akingoja. Nakhumicha alikuwa amejiandaa kwa jogoo anayekimbia. Kwa huyu wa kungoja hakuwa amejiandaa.

"Nendeni makwenu," aliwaambia watoto. "Nanjala, njoo tupike."

"Tupike nini, mama?"

"Kunde."

Zedekiah alifika akiwa amevaa koti la kaki lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alisalimia vizuri, akauliza habari za afya, akakisifu kiti alichokalia, ambacho Tobias alikitengeneza mwenyewe. Alinawa. Kisha Nakhumicha akaweka mezani ugali wa wimbi na kunde zilizolala kwenye maziwa. Zedekiah alikitazama chakula, akamtazama Tobias, akakitazama chakula tena.

"Ni Kwaresima?" aliuliza.

Tobias akakohoa.

"Ama kuku zimeisha Nairobi nzima?"

"Kuku yuko mmoja, shemeji," Nakhumicha alisema. "Ni wa watoto ninaowafundisha. Niliwaahidi kwamba hataliwa."

"Uliwaahidi watoto."

"Ndiyo."

"Na ulipoolewa kwetu, sisi ulituahidi nini?"

Swali lilikuwa la haki. Zedekiah hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amchukie. Alikula. Alikula akamaliza, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho kama alivyofunzwa na mama yake, akashukuru. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi, "Tobias, chakula kilikuwa kitamu. Lakini mahali ambapo mgeni wa ukoo anangoja ruhusa ya watoto, hapo ni kambi. Mavuno yako karibu. Nitamngoja Mama Nanjala kule Kimilili kabla hayajaanza."

Tobias aliinamisha kichwa. Nakhumicha alishika ukingo wa meza asijue ashike nini kingine.

Ndipo Nanjala alipopasuka. Aliruka kutoka kwenye mkeka wake, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni. "Baba Mkubwa, mimi ndiyo nilimficha! Si mama! Naenda kumleta, mumchinje! Mumchinje tu, mama asiende!" Akafika mlangoni.

Zedekiah aliweka kikombe chini. Kuna kitu kilimlegea usoni. "Mtoto ana akili," alisema. "Mwacheni amlete. Sufuria bado iko motoni, mimi bado nina nafasi tumboni. Yaliyopita tutasahau."

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele ya Nakhumicha, ule wa kubaki Riruta. Tobias alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Hata mimi ninayesimulia, kila nikifika hapa, natamani akubali. Nakhumicha alivuka chumba kwa hatua chache, akamshika binti yake bega, akamrudisha kwenye mkeka.

"Kaa chini," alimwambia. "Maliza ugali wako."

Kabla ya mavuno walipanda treni, mama na mtoto, Tobias akibaki na kitanda kikubwa na stovu. Darasa lake lilikuja mpaka kituo kikuu mjini, kwa miguu kutoka Riruta, likamwimbia wimbo mmoja likausahau katikati. Jogoo alibaki kwa Chanchal, akanenepa kwa mtama na samli, akawa mvivu hata wa kuwika. Hakuna mwingine aliyelichukua lile darasa. Watoto wakakua, wakatawanyika Nairobi hii, na nimewahi kumwona mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akisimama mbele ya mbwa wa lango huko Loresho, kiganja wazi, akimnong'oneza kitu.

Nakhumicha hakurudi tena kukaa Nairobi. Alilima, alizaa wengine, alizeeka vizuri. Lakini redio ikitaja tu Riruta aliinua kichwa, na mwezi wa saba ukifika alilalamika kwamba baridi ya Kimilili si baridi.

Nanjala alikuwa mama mwenye wajukuu alipothubutu kumuuliza. Walikuwa uani wakichambua mboga. "Mama, uliwahi kunikasirikia? Kwa ajili yangu ulikosa mji ulioupenda."

Nakhumicha aliendelea kuchambua. "Niliupenda. Bado naupenda. Wewe nijibu kwanza. Ningemchinja siku ile nikakuwekea paja, ungekula?"

Nanjala akasema ukweli kama alivyofunzwa. "Ningekula, mama. Kwa sababu ni wewe ungenipa."

"Sasa hilo ndilo nililoogopa," Nakhumicha alisema, akamsogezea sinia la mboga.